Pingili saba za shingo na mikono inayozishika

Pikipiki imeanguka kando ya barabara kuu. Abiria yuko chini, ana fahamu zake, analalamika shingo. Haipiti dakika mbili watu wamejaa. Wawili wanamshika kwapani, wawili miguuni, mwingine anapaza sauti, "Mkalisheni apate hewa!" na wa sita tayari ana chupa ya maji. Anapakiwa kwenye bajaji, anabanwa katikati ya watu wawili, kichwa kimemwangukia kifuani na kila shimo la barabara linakirusha juu. Hospitali atavalishwa kola ngumu ya plastiki, na ndugu zake wakiiona watashusha pumzi kwamba sasa shingo imeshikwa. Saa ya hatari kuliko zote, hata hivyo, imekwisha kupita, na shingo hiyo haikuwa mikononi mwa yeyote.

Siku hiyohiyo mjini, kwenye duka la vifaa tiba, kola nyingine, ile laini ya sifongo, inanunuliwa na karani ambaye shingo imemkaza kwa sababu ya kuinamia kompyuta kutwa. Hakuna daktari aliyemwandikia. Ataivaa wiki nzima, kisha mwezi, kwa kuwa akiivua maumivu yanarudi, na kila siku anayoivaa misuli ya shingo inazidi kulegea.

Matukio haya mawili ni ya kawaida mno, na ndiyo sababu ya makala haya. Kola ya shingo ina kazi moja inayoifanya vizuri: kusaidia kutuliza mfupa uliovunjika au kiungo kilicholegea, kwa muda uliopangwa. Tumeigeuza dawa ya maumivu, na barabarani tumeifanya kinga ya ajali iliyokwisha kutokea. Ili kuona kwa nini kote huko haifai, lazima kwanza tuitazame shingo yenyewe.

Inamisha kichwa, kisha pitisha kidole ukosini kuteremka mpaka ukutane na kinundu kikubwa karibu na usawa wa mabega. Kwa watu wengi hiyo ni ncha ya pingili ya saba, ya mwisho katika shingo. Sita nyingine zimepangana juu yake mpaka chini ya fuvu. Twiga naye anazo saba tu. Tofauti ni kwamba kila pingili yake inaweza kuzidi sentimita 25. Zetu ni ndogo, na juu yake kimekaa kichwa cha kilo zinazokaribia tano, kinachogeuka huku na huko kutwa nzima bila sisi kukifikiria.

Mbili za juu hazifanani na pingili nyingine yoyote mwilini. Ya kwanza ni pete ya mfupa iliyo wazi katikati. Fuvu limekaa juu yake, na tunapoitikia "ndiyo" kwa kichwa, sehemu kubwa ya mwendo huo ni fuvu likibembea juu ya pete. Ya pili ina jino la mfupa lililosimama wima na kupenya ndani ya pete hiyo. Tunapokataa kwa kichwa, pete ndiyo inayozunguka jino. Karibu nusu ya uwezo wote wa shingo kugeuka kulia na kushoto hutoka katika kiungo hicho kimoja, na hapo hakuna diski hata moja. Kinacholizuia jino lisirudi nyuma ni kano fupi, imara, iliyokatiza mgongoni mwake. Kano hiyo ikikatika, au jino likivunjika shinani, nyuma yake tu ipo kamba ya neva itokayo kwenye ubongo.

Kamba hiyo, yenye upana wa takriban sentimita moja, inastahili kuelezwa kwa utulivu kuliko kitu kingine chochote shingoni, kwa kuwa ndiyo inayoamua maisha ya mtu baada ya ajali. Shingoni inatoa jozi nane za neva. Ya tatu, ya nne na ya tano huungana kukiendesha kiwambo, ule msuli mpana chini ya mapafu unaovuta pumzi. Kamba ikikatika juu ya hapo, mtu hawezi kupumua mwenyewe, na akikosa mashine au pumzi za msaidizi hufa palepale alipoangukia. Ikikatika chini kidogo, pumzi inabaki na mikono inaanza kurudi kwa ngazi. Neva ya tano hunyanyua bega na kukunja kiwiko. Ya sita hunyanyua kifundo cha mkono, na mwenye kifundo kinachonyanyuka anaweza kufundishwa kushika kikombe hata kama vidole vyake havina nguvu, kwa kuwa kifundo kikiinuka vidole hujikunja vyenyewe. Ya saba hunyoosha kiwiko, na kiwiko kinachonyooka kinamwezesha mtu kujisukuma kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu bila kubebwa. Ya nane hufumba ngumi.

Ngazi hizo zimepishana sentimita moja au mbili tu. Mtu aliyefika chini akiwa na neva ya saba nzima anaweza kupelekwa vibaya, akanyanyuliwa na kichwa kikakunjwa, akafika hospitali ameipoteza. Familia itahesabu tofauti hiyo maisha yote, kuanzia nani atamlisha, nani atamgeuza usiku, na nani ataacha kazi ili abaki naye nyumbani.

Matabibu wa Misri ya kale walijua uzito wa jeraha la shingo. Hati ya mafunjo inayojulikana kwa jina la Edwin Smith, iliyonakiliwa yapata miaka 1600 kabla ya Kristo, ina visa 48, vingi vikiwa vya majeruhi. Kimojawapo kinamhusu mtu aliyeteguka pingili ya shingo, asiyeisikia mikono yake wala miguu. Tabibu aliyeandika anamweka katika fungu la wasiotibika. Hali hiyo haikubadilika sana hadi Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1944, katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, daktari Ludwig Guttmann alisisitiza kwamba waliopooza wageuzwe kitandani kila baada ya saa chache na kibofu chao kitunzwe, na vifo vikapungua sana. Kumbe wengi walikuwa wakiuawa na vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo, mambo ambayo uangalizi unaweza kuyazuia.

Nisije nikaifanya shingo ionekane kigae. Ikiwa nzima ina nguvu ya ajabu, na Afrika Mashariki tuna ushahidi wake uliochapishwa. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walitoa katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kijaluo waliobeba mizigo kichwani na wa Kikuyu walioibeba mgongoni kwa mkanda unaopita kichwani. Walikuta kwamba mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza hata kidogo nguvu waliyotumia kutembea. Huenda misuli iliyozoea tangu utotoni, kata iliyokaa sawasawa kichwani na mwendo ulionyooka vilifanya kazi ambayo wataalamu hawakuitarajia. Hatari huja mtu anapoteleza na mzigo uko juu, maana uzito wote unaishukia shingo iliyopinda. Kuanguka kutoka juu ya mwembe au mnazi, na kuruka kichwa mbele kwenye maji mafupi, huivunja shingo kwa kanuni hiyohiyo.

Kwa hiyo turudi barabarani, kwa yule abiria wa pikipiki.

Jambo la kwanza ni kumwacha alipo, isipokuwa kama moto, magari au maji yanahatarisha uhai wake. La pili linahitaji mtu mmoja jasiri apige magoti nyuma ya kichwa cha majeruhi, aweke viganja vyake pande zote mbili na kukishika kichwa kama alivyokikuta, bila kukivuta wala kukinyoosha kwa nguvu. Kisha aseme naye: "Kaka, usigeuke. Nimekushika kichwa, nijibu kwa mdomo tu." Kuongea kuna umuhimu wake, kwani mtu aliyeumia akiitwa jina lake hugeuza kichwa kumtafuta aliyeita. Asipewe maji. Akitapika, au pumzi ikikoroma, uhai unatangulia shingo: ageuzwe ubavu, mwili wote kwa pamoja, kichwa, mabega na nyonga vikienda sawia, na amri itoke kwa yule aliyeshika kichwa.

Helmeti iachwe kichwani ikiwa anapumua vizuri. Ikilazimu kuivua, kazi hiyo ni ya watu wawili, mmoja akishikilia taya na ukosi kutokea chini, mwingine akiitanua pembeni na kuitoa polepole. Kwa safari, gari lenye nafasi ya kumlaza chali, hata pikapu iliyotandikwa ubao au mlango, ni bora mara nyingi kuliko kiti cha bajaji. Kanga mbili zilizoviringishwa na kuwekwa huku na huku ya kichwa, na mtu aliyekaa akikishika njia nzima, ndiyo kola ya kwanza. Madereva wa bodaboda ndio wanaofika kwanza kwenye ajali nyingi. Mafunzo ya nusu siku kwao yangezuia ulemavu ambao kola zote za hospitali haziwezi kuufuta, na sioni sababu ya chama chochote cha bodaboda mjini au wilayani kukaa bila mafunzo hayo.

Kuna utafiti mmoja ambao wenye kuiamini sana kola huwa hawaupendi. Mwaka 1998 watafiti walilinganisha majeruhi wa uti wa mgongo waliopelekwa hospitali ya chuo kikuu nchini Malaysia, 120 kwa idadi, ambao hakuna hata mmoja aliyefungwa kola au ubao njiani, na wengine 334 wa New Mexico, Marekani, waliofungwa wote. Wale wa Malaysia walitoka na ulemavu mdogo zaidi. Mimi sichukulii matokeo hayo kuwa ruhusa ya kuzitupa kola, kwa kuwa ajali za nchi mbili hazilingani na idadi yenyewe si kubwa. Nayachukulia kuwa onyo kwa anayedhani kwamba mtu akishafungwa kola anaweza kunyanyuliwa vyovyote.

Onyo hilo lina vipimo nyuma yake. Mwaka 1977, katika Chuo Kikuu cha Yale, Rollin Johnson na wenzake walipima ni kiasi gani cha mwendo wa shingo kinazuiwa na kila aina ya kola. Ile laini ya sifongo ilizuia takriban robo tu ya mwendo wa kuinama na kuinuka. Ile ngumu ya vipande viwili, iitwayo Philadelphia, ilizuia kiasi cha asilimia 70 ya mwendo huo, na zaidi kidogo ya nusu ya mwendo wa kugeuka kulia na kushoto. Anayevaa kola laini anaweza kugeuka karibu kama kawaida. Anachopata ni joto, na ukumbusho wa kutotikisa kichwa ovyo. Hata kola ngumu huacha nafasi, hasa kule juu kwenye pete na jino, kwa sababu kidevu na taya inavyoviegemea havitulii.

Kwa shingo ambayo haipaswi kusogea kabisa, wataalamu walilazimika kushika fuvu lenyewe. Kifaa cha kufanya hivyo huitwa halo. Ni pete ya chuma inayozunguka kichwa, imeshikizwa kwenye mfupa wa fuvu kwa skrubu, kwa kawaida nne kwa mtu mzima, na kuunganishwa kwa fito na fulana ngumu ya kifuani. Waliokibuni ni Jacquelin Perry na Vernon Nickel wa hospitali ya Rancho Los Amigos huko California, waliokitangaza mwaka 1959. Wagonjwa wao walikuwa wa polio, watu ambao misuli ya shingo ilikuwa imekufa na kichwa hakiwezi kusimama. Katika vipimo vya Johnson, halo ilizuia asilimia 96 ya kuinama na kuinuka. Inatisha kuitazama, na mgonjwa hulala nayo, hula nayo na kuoga kwa kitambaa kwa takriban miezi mitatu, matundu ya skrubu yakisafishwa ili yasioze. Lakini anatembea. Mahali ambapo hakuna halo wala upasuaji, shingo ya namna hiyo hutibiwa kwa kuvutwa: koleo yenye ncha mbili hushika fuvu, kamba hupita kwenye kapi, uzito unaning'inia nyuma ya kitanda, na mgonjwa analala chali kwa majuma.

Katika hospitali kubwa, Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) ikiwamo, pingili zilizovunjika vibaya huunganishwa kwa vyuma kwa upasuaji, na kola hubaki kuwa msaidizi wa baadaye. Vifaa vyenyewe vina mafundi wake. Chuo cha TATCOT, kilichopo katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi kutoka nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1980. Fundi wa aina hiyo anaweza kuchukua umbo la shingo na kidevu kwa plasta, kulichonga, kisha kulifunika kwa plastiki iliyopashwa moto, akatengeneza kola inayomfaa mgonjwa huyo mmoja. Usahihi huo una maana kubwa. Kola ndefu kuliko shingo hukisukuma kichwa nyuma. Iliyo fupi hukiacha kidevu kianguke. Kabla ya kukubali kola ya dukani, mgonjwa mwenye mvunjiko amuombe mtaalamu aipime kutoka begani hadi kwenye taya.

Nani aachiwe shingo yake bila kola hata baada ya ajali? Madaktari wana kipimo cha maswali matano, kilichochapishwa mwaka 2000 baada ya kuwafuatilia wagonjwa 34,069 nchini Marekani. Je, anaumia akibonyezwa katikati ya mfupa wa ukosi? Amelewa? Fahamu zake zina kasoro? Kuna udhaifu au ganzi mikononi au miguuni? Ana jeraha lingine lenye maumivu makali yanayoweza kuficha ya shingo? Jibu likiwa hapana kwa yote matano, kwa kawaida picha haihitajiki na kola inaweza kuvuliwa. Kuivua mapema ni sehemu ya tiba, kwa kuwa kola ngumu huchubua ngozi ya kidevu, kisogo na mitulinga, hufanya kumeza kuwe kazi, na kwa aliyeumia kichwa inaweza kubana mishipa ya damu inayorudi kutoka kwenye ubongo na kuongeza mgandamizo ndani ya fuvu.

Sasa yule karani. Shingo yake haina mvunjiko. Misuli imechoka kwa kushikilia kichwa kilichoinama, na dawa ya msuli uliochoka ni kuutumia vizuri: kuinua kioo cha kompyuta kifike usawa wa macho, kusimama mara kwa mara, kugeuza shingo taratibu kila upande mpaka panapokaza, na kanga iliyochovywa maji ya moto jioni. Hata kwa shingo iliyotikisika ghafla gari lilipogongwa kwa nyuma, jopo la wataalamu wa Quebec, Kanada, lilisema mwaka 1995 kwamba mtu arudi kwenye shughuli zake mapema na kola isiendelezwe. Miaka mingi imepita tangu hapo, na bado kola laini zinauzwa kama peremende.

Yapo maumivu ya shingo ambayo mtu hapaswi kuyakalia nyumbani, akiwa na kola au bila. Vidole vinapoanza kushindwa kufunga vifungo vya shati, maandishi yakaharibika, miguu ikawa mizito au mwendo ukayumba, kamba ya neva inabanwa, mara nyingi na diski zilizochakaa na mifupa iliyoota pembeni. Homa za jioni, kukonda na shingo inayouma usiku huweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa unaopona kwa dawa ukiwahiwa. Kola hapo itakuwa imeuficha ugonjwa tu.

Na kwa aliyeandikiwa kola kwa haki, baada ya mvunjiko, muda wake wa kawaida ni wiki sita hadi kumi na mbili, mpaka picha ioneshe mfupa umeunga. Kwa muda huo haivuliwi kwa kulala. Pedi zinabadilishwa na ngozi inaoshwa mgonjwa akiwa amelala chali bila mto, na mtu mwingine amemshika kichwa. Wanaume wanyoe ndevu, zinachochea vidonda. Ngazi apande akishikwa mkono, kwa kuwa hawezi kuiona miguu yake. Siku daktari atakaporuhusu ivuliwe, aanze kwa saa chache nyumbani akiwa amekaa, na mtaalamu wa fiziotherapia ampe mazoezi ya kusukuma kichwa dhidi ya kiganja chake mwenyewe, mbele, nyuma na pembeni, bila kichwa kusogea. Shingo itatetemeka na kuuma misuli kwa siku kadhaa. Hilo linatarajiwa. Ganzi au udhaifu mpya mikononi hautarajiwi, na anayeuona arudishe kola yake na aende hospitali siku hiyohiyo.